Ameomba Radhi, Tumpe Nini? Majibu ya Barua Zenu

Mwezi huu barua zimetoka Nansio hadi Ngudu, na karibu zote zinazunguka jambo moja. Mtu mwenye jina, aliyefanya au anayedaiwa kufanya baya miaka ya nyuma, sasa anataka msamaha, au kura, au vyote kwa pamoja. Majina ya waandishi na ya wanaotuhumiwa tumeyaondoa, na baadhi ya barua tumezifupisha. Tunaanza na ile isiyoweza kungoja.

Shikamooni wahariri. Binti wa dada yangu, ana miaka 15, ameharibiwa na mtu mzito hapa kijijini kwetu Misungwi, aliwahi kuwa diwani. Ni wiki iliyopita. Wazee wamekaa na kuamua atoe mchenya, yaani faini ya kimila, wa ng'ombe wawili na kuomba msamaha mbele ya ukoo, yaishe. Dada anaogopa kukataa. Tufanyeje?

Marahaba. Mkatae, na mfanye hivyo leo. Mchenya una mahali pake: ng'ombe wameingia shambani kwa mtu, watu wametukanana kilabuni, mtu hakutokea msibani. Kumwingilia mtoto wa miaka 15 ni ubakaji, awe anadaiwa kuridhia au la, na adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30. Mlalamikaji katika kesi hiyo ni Jamhuri, wala si ukoo, kwa hiyo wazee hawana wanachoweza kukifuta. Tena wanaopokea ng'ombe ili kunyamazia kosa zito la jinai wanajiingiza wenyewe hatiani.

Mpelekeni mtoto hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, na muda huo kwenu umepita, lakini vipimo vya mimba, magonjwa na majeraha bado vina maana, na kipimo cha VVU kitarudiwa baadaye. Pitieni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, mpewe fomu ya PF3. Mtoto akiwa na maumivu au anatoka damu, matibabu kwanza, fomu itafuata. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zikunjeni kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye mfuko wa nailoni unyevu huziozesha na ushahidi hupotea. Mkikwama popote, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Jambo moja huharibu kesi hizi kuliko hata rushwa: kila mjomba na kila shangazi anamhoji mtoto. Akishaeleza mara saba, maelezo yatatofautiana kidogo, na wakili wa mtuhumiwa ataishi humo. Chagueni mtu mzima mmoja anayemwamini, ndiye awe naye kwa polisi na kwa ofisa ustawi wa jamii. Wakitishia kuwatenga, pelekeni taarifa ya kitisho hicho polisi kwa maandishi, na nakala kwa mtendaji wa kata.

Na kuhusu huo msamaha mbele ya ukoo: ni mali ya binti. Akiwa mkubwa na akitaka, atautoa. Hakuna mzee wa kuutoa kwa niaba yake, awe na mvi kiasi gani.

Aliyekuwa mwenyekiti wa BMU yetu (kikundi cha wavuvi cha kulinda uvuvi mwaloni) hapa Ukerewe alitolewa miaka sita iliyopita kwa kula fedha za kikundi na kuruhusu makokoro, nyavu haramu za kukokota, usiku. Hakushtakiwa popote. Sasa anautaka uenyekiti wa kijiji. Jumapili alitubu kanisani, watu wakalia. Tunaosita kumpa kura tunaitwa wenye kinyongo. Je, tuna kinyongo?

Kusita si kinyongo. Aliyeibiwa anaweza kumsamehe mwizi kwa moyo wote na bado asimkabidhi funguo za ghala. Anayewachanganyia mambo hayo mawili kwa kawaida ana fomu ya kugombea mfukoni.

Mkitaka kubaki humo humo kanisani, msomeeni Luka 19. Zakayo hakusema "nisameheni nilipokosea". Alitaja hesabu mbele ya watu waliokuwa wakinung'unika: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Jirani zenu Waislamu nao watawaambia kuwa toba kwa haki ya mja haikamiliki mpaka haki irudishwe au mwenyewe aridhie kuiachia. Kwa hiyo machozi ya Jumapili ni mwanzo mzuri, na Jumatatu mumletee daftari.

Daftari lenyewe ndilo kazi. Kusanyeni stakabadhi za michango, kitabu cha faini, kumbukumbu za vikao, na taarifa ya benki ya kipindi chake, ambayo watia saini wa sasa wa kikundi wana haki ya kuiomba. Kisha pigeni hesabu ya kilichopaswa kuingia. Tuseme mlikuwa na mitumbwi 40, kila mmoja unachangia sh 2,000 kwa wiki. Hiyo ni sh 80,000 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni sh 4,160,000. Kama benki inaonyesha sh 2,900,000, pengo ni sh 1,260,000. Msikimbilie kuita pengo lote wizi. Toeni mafuta ya doria yenye stakabadhi, wiki ambazo ziwa lilichafuka na hakuna aliyeingia majini, na wanachama waliosamehewa kwa maandishi. Kinachobaki ndicho cha kumuuliza.

Wengi hukosea hapa. Wanaanza na uvumi: "ulikula milioni kumi!" Mtuhumiwa anathibitisha kirahisi kwamba kikundi hakijawahi kuwa na milioni kumi, anashangiliwa, na ile milioni moja na ushee aliyokula kweli inazikwa palepale. Nendeni na namba ndogo mnayoweza kuitetea.

Makokoro ni mzigo wa aina nyingine, maana hauna stakabadhi. Kokoro linakwangua maji ya kina kifupi ambako sato anatengeneza viota na kutunza vifaranga, na samaki wale hakuna atakayewarudisha. Hapo mdaini maelezo: nyavu zilikuwa za nani, alilipwa na nani, ofisa gani alifumba macho, tabia hiyo ilikoma lini. Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano iliweka sharti ambalo wengi wetu hatulijui. Mwombaji wa msamaha wa kisheria hakutakiwa kulia wala kuonyesha majuto. Alitakiwa kusema ukweli wote kuhusu tendo lake, na tendo liwe lilikuwa la kisiasa. Waliomba zaidi ya 7,000, wakakubaliwa 849. Mwenyekiti wenu akisema "yaliyopita si ndwele" kabla ya kutaja hata mwenye kokoro mmoja, hajafika kwenye mlango huo.

Akikubali deni, liandikwe: kiasi, tarehe za kulipa, na fedha ziingie kwenye akaunti ya kikundi. Zisipitie mkononi mwa mwenyekiti wa sasa, msije mkaandika barua nyingine baada ya miaka sita. Nakala moja kwa ofisa uvuvi, moja kwa mtendaji wa kijiji. Kama uchaguzi unafika na hajalipa hata awamu ya kwanza, mmeshajibiwa. Akilipa na mkamchagua, mpangieni asiwe mtia saini benki, na mapato na matumizi yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu kama utaratibu unavyotaka. Sisi tungempa kwanza kazi isiyogusa fedha, lakini kijiji ni chenu.

Mtangazaji maarufu wa hapa mjini alituhumiwa na mabinti waliokuja fildi kwenye kituo chake kwamba aliwasumbua kimapenzi. Ametoa tamko: "Kama kuna yeyote niliyemkwaza, naomba radhi. Mimi ni binadamu. Nimemwachia Mungu. Namshukuru mke wangu kwa kusimama nami." Hii ni radhi? Msomaji, Ilemela.

Tuisome polepole. "Kama kuna yeyote" inawafanya mabinti waliojitokeza kuwa uvumi. "Niliyemkwaza" inahamisha shida kutoka kwenye alichofanya kwenda kwenye walivyojisikia. "Mimi ni binadamu" ni kweli, na wao pia ni binadamu. "Nimemwachia Mungu" ni kauli ya aliyedhulumiwa asiye na pa kwenda, kwa hiyo hapo amekaa kiti kisicho chake. Mke wake hahusiki kabisa, ila ametuonyesha tamko lilikuwa linaongea na nani: mashabiki na wadhamini.

Radhi yenye uzito inaweza kuwa fupi kuliko hiyo. Kwa mfano: "Kati ya mwaka fulani na fulani niliwatumia wanafunzi waliokuwa chini yangu meseji za kuwataka, na waliokataa niliwanyima vipindi. Hawakuwa na kosa. Sitasimamia mwanafunzi tena. Nimeuandikia uongozi, na nitajibu maswali ya uchunguzi." Humo kuna tendo, kuna waliotendewa bila kutajwa majina, kuna madhara, kuna kilichobadilika. Haina ombi la kusamehewa upesi, na hilo ni kwa makusudi, kwa sababu radhi inayodai jibu inamuongezea mdhulumiwa kazi.

Lakini tumtendee haki. Kama hakufanya, asiombe radhi kabisa. Aseme: "Sikufanya, chunguzeni." Hiyo ni kauli safi, na Katiba ibara ya 13 inamlinda aliyeshtakiwa kwa jinai asitendewe kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Vilevile wakili anaweza kuwa amemzuia kukiri, maana ukiri unaweza kuja kutumika mahakamani, na hilo si ujanja. Tatizo ni hii nusu kukana na nusu kuomba, ambayo inampa huruma ya anayetubu na usalama wa anayekana.

Kituo nacho kisijifiche nyuma ya tamko lake. Aondolewe kwenye usimamizi wa wanafunzi wakati uchunguzi unaendelea, akiendelea kulipwa, kwa kuwa bado hajahukumiwa. Mchunguzi atoke nje ya kituo. Wanafunzi wote waliopita chini yake watafutwe mmoja mmoja na waulizwe faragha, siyo kuitwa ukumbini waeleze mbele ya bosi. Na tathmini ya mwanafunzi isainiwe na watu wawili. Nguvu ya msumbufu ilikuwa kwenye ile saini moja.

Miaka 11 iliyopita msimamizi wangu wa utafiti chuoni alinitaka ili anipitishe. Nilikataa, nikarudia mwaka. Sasa anatajwa kwa nafasi kubwa serikalini. Nina meseji chache kwenye simu ya zamani. Nimechelewa? Niziweke mtandaoni? Dada wa Nyegezi.

Pole, dada. Kwa upande wa jinai hujachelewa. Sheria ya Ukomo haigusi mashauri ya jinai. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na adhabu yake ni faini isiyozidi sh milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Kumbuka kuwa kuomba peke yake kunatosha kuwa kosa, kwa hiyo kukataa kwako hakumsafishi. Upande wa fidia ndipo umri wa jambo unakubana, kwani madai ya madhara ya namna hii hutakiwa kufunguliwa ndani ya miaka 3.

Mtandaoni usiweke, angalau siyo kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua sh milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Utasema meseji zako ni za kweli. Sawa, lakini siku hiyo utakuwa unajitetea wakati ulipaswa kuwa unalalamika.

Ile simu ndiyo ushahidi, skrinshoti ni kivuli chake. Ichaji, usifute chochote, usimpe fundi "aiharakishe", usihamishe laini. Kisha kaa uandike: tarehe unazokumbuka, chumba, maneno yake kadiri unavyoyakumbuka, matokeo ya mtihani kabla na baada. Usichokumbuka kiache wazi, usikijaze. Andika majina ya uliowaambia wakati ule, kwa mfano uliyeishi naye bwenini au mama mdogo, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini umekaa kimya miaka yote. Aliyelisikia jambo mwaka ule ule ana thamani kubwa hapo. Jibu lako la kweli, mathalani kwamba ulikuwa unamaliza shahada chini yake, usilionee aibu.

Peleka TAKUKURU, ofisini hapa Mwanza au kwa kupiga 113. Ipo pia Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, omba itumike tangu dakika ya kwanza. Kama tayari ni kiongozi wa umma kwa maana ya Sheria ya Maadili ya 1995, malalamiko ya maandishi yanaweza kwenda pia Sekretarieti ya Maadili, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa mjini hapa.

Usimtafute yeye kwanza kumtaka aombe radhi. Tunajua wengi huona huo ndio uungwana. Meseji yako ikisema "niombe radhi au nitasema", kesho yake wewe ndiye mtuhumiwa wa vitisho.

Je, kiongozi aliyewajibika kwa kashfa anaweza kurudi madarakani kwa heshima? Mwalimu, Ngudu.

Mwalimu, mfano mkubwa kuliko yote nchini ulianzia huku kwetu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na msako wa watuhumiwa wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Watu walikamatwa, wakateswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi wakafia humo. Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu, wala hakuagiza mtu apigwe, lakini alijiuzulu kwa sababu yaliyotendeka yalikuwa ndani ya wizara yake. Wakuu wa mikoa hii miwili nao waliondoka, na baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Mwinyi akapelekwa ubalozini Misri, akarudi baadaye, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar na mwaka 1985 Rais wa Muungano.

Tazama kilichofanya kurudi kwake kukubalike. Aliachia kiti bila kusukumwasukumwa. Hakusema maofisa walimponza. Alikaa miaka kwenye kazi ya chini kuliko aliyoiacha. Na kuwajibika kwake hakukuzuia waliotesa kushtakiwa, maana siasa ilienda na njia yake na jinai na njia yake. Hata hivyo simulizi hii tunaisimulia upande mmoja. Uungwana wa waziri kila mtoto wa shule anaufahamu, lakini waliofia mahabusu tunawataja kama idadi tu. Kujiuzulu hakumlipi mjane.

Linganisha na Edward Lowassa. Aliachia uwaziri mkuu Februari 7, 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, huku akikana kosa. Hakuwahi kushtakiwa kwa jambo hilo. Mwaka 2015 aligombea urais na kupata karibu asilimia 40 ya kura. Waliomwona ameonewa na waliomwona ameponea wote walikwenda kaburini kwake Februari 2024 bila jibu. Uwajibikaji wa kisiasa ukikaa peke yake, bila chombo cha kusema alifanya au hakufanya, unamwonea asiye na kosa na kumhifadhi mwenye nalo.

Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri, wao walipitia mahakamani. Walihukumiwa mwaka 2015 kwa matumizi mabaya ya madaraka, na mwaka 2016 sehemu ya kifungo ikageuzwa kuwa kazi za jamii, wakafagia hospitali ya Sinza. Watu walicheka. Sisi tunaona ufagio ule ulisema mengi kuliko hotuba za majuto za miaka kumi.

Kwa ubunge Katiba imeweka hesabu yake: ibara ya 67 inamzuia aliyefungwa kwa kosa la kukosa uaminifu ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu. Miaka hiyo ikipita sheria inamruhusu kuomba. Haiwalazimishi ninyi kumpa.

Msamaha wa Rais unafuta kosa? Nauliza kwa sababu ya Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha. Na aliyefutiwa kesi je? Kirumba.

Haufuti. Ibara ya 45 inampa Rais uwezo wa kusamehe adhabu, kuiahirisha, kuipunguza au kuibadilisha iwe nyepesi. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli aliwaachia wanamuziki hao wawili, waliofungwa maisha mwaka 2004 kwa makosa ya kubaka watoto. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikasema baadhi ya haki zao katika usikilizwaji wa kesi zilikiukwa. Wengi wameyachanganya: msamaha haukusema hawakufanya, na uamuzi wa Arusha ulizungumzia namna walivyosikilizwa. Anayekualika kuchagua karatasi moja na kuitupa nyingine anakuuzia upande wake.

Aliyefutiwa kesi inategemea imefutwaje. Kama mahakama imesikiliza pande zote ikamwachia huru, hatia haikuthibitika bila kuacha shaka, na hawezi kushtakiwa tena kwa jambo lilelile. Kama Mkurugenzi wa Mashtaka ameiondoa kesi chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, mtuhumiwa anaweza kushtakiwa tena baadaye. Ukiandika habari zake, kwa hiyo, uliza karani namba ya shauri na usome amri yenyewe. Huyu wa pili mwandikie "kesi iliondolewa". Usiandike "alishinda", na usimwite "aliyeponyoka" pia.